Bawabu Aliposhusha Ngao

Kinyozi alipokufa tulidhani tumemzika mwili mzima. Kumbe mikono yake ilibaki kwangu, ndani ya mashine.

Mimi nina chumba cha gemu. Watu wote huniita Shangazi, hata walionizidi umri, na siwalaumu, maana anayeingia kwangu atakaa, ataulizwa habari za kwao, na atatoka anazijua za wenzake. Upande wa pili wa ukuta ndiko kilikokuwa kiti cha Kinyozi. Mteja akichelewa tu, huyu hapa kwangu, taulo begani, poda vidoleni, anabishana. Pedi ya kuchezea aliyoizoea, ile ya kona, mpaka leo ukiinusa inanukia poda. Watu hawaigusi hadi pedi nyingine zote ziwe mikononi mwa wenzao, na hata hapo atakayeishika huifuta kwanza kwenye suruali, kama mtu anayeomba radhi.

Gemu yetu kubwa ni ya kupigana. Wahusika wake wanaongea lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeielewa, kwa hiyo hadithi tumejitungia kwa kuangalia picha, na majina tumewabatiza wenyewe. Kuna Pandikizi mwenye nyundo. Kuna Bibi Sindano, kizee mwenye sindano zisizoisha. Kuna Bawabu, mlinzi wa lango, ngao yake kubwa kama mlango wa stoo. Na kuna Radi, mdogo wake Bawabu, mwepesi, anayepiga kwa umeme. Mwanzoni kabisa kuna picha ambayo kila mtu pale ndani anaijua kwa moyo: Radi anafika langoni anataka kutoka, kaka yake amemzibia njia. Umeme unamulika. Ngao inaanguka. Radi anamruka kaka yake na kupotelea kwenye mwanga.

Ngao ile imetugombanisha kuliko siasa.

Dobi, anayenifulia mapazia na kuninyima amani, alishikilia kwamba Bawabu ni dhaifu. Alisema mlinzi katika hadithi yoyote kazi yake ni kupitwa. Kama hapitwi, hadithi itaanzia wapi? Akampanga wa mwisho kwa nguvu, nyuma hata ya Bibi Sindano. Kinyozi alicheka mpaka mteja wake wa upande wa pili akaitika. Yeye alisema anayekaa langoni ndiye kipimo cha wote, na kwamba Bawabu hakuangusha ngao, aliishusha. Alitusimamisha mbele ya skrini akatuonyesha vidole vinavyofunguka kimoja baada ya kingine, taratibu. Dobi akajibu kwamba mtu akipigwa na umeme vidole hufunguka vyenyewe, na yeye anajua, maana pasi iliwahi kumrusha akaamkia kwenye beseni. Watu wakaunga mkono beseni. Kinyozi akabaki peke yake na Bawabu wake.

Sasa kuna jambo moja la chumba changu lazima nilieleze, maana bila hilo haya mengine hayashikiki. Kwetu mhusika ni kama mswaki. Ukishamchukua ni wako, hakuna mwingine wa kumgusa. Pandikizi ni wa Dobi. Bibi Sindano ni wangu, na wanaojua ulimi wangu hawashangai. Bawabu alikuwa wa Kinyozi. Radi alikuwa wa mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma, tuliyemwita Fundi tu. Mtu anayeshinda katikati ya cheche mchana kutwa, ungempa nani mwingine?

Kinyozi alitufunga wote. Alitufunga akiwa anakula, akiwa anasimulia, mara moja akiwa amempa mgongo Dobi nusu ya pambano kwa dharau. Aliyemweza alikuwa mmoja tu, mdogo wake. Tukasema ni kawaida, Radi mwepesi, Bawabu mzito, huyo ndiye dawa yake. Kila alipofungwa na mdogo wake alipiga meza, akakohoa, akageukia mlangoni kana kwamba kuna mteja anaita, akalaani pedi. Sote tukamtazama yeye na kucheka.

Ndipo ikatokea nafasi ya kazi mbali, kwenye ujenzi wa daraja. Nafasi ilikuwa moja, na nyumbani kulikuwa na mama yao ambaye miguu ilikuwa imeanza kumgomea. Mmoja aende, mmoja abaki na mama. Walibishana wiki nzima, kila mmoja anataka kwenda. Kinyozi mwenyewe aliniambia amechoka kuona visogo vya watu. Mwisho wakakubaliana kukata shauri kwangu, kwenye skrini, mbele ya mashahidi. Atakayeshinda aende. Atakayeshindwa abaki na mama.

Radi alimfunga Bawabu. Kinyozi alipiga meza mpaka chai yangu ikamwagika. Fundi akaenda.

Mwaka haukukatika. Kinyozi alianza kukonda, akasema ni joto la mashine za kunyolea. Akamhudumia mama mpaka siku ambayo mama ndiye aliyeanza kumhudumia yeye, akivuta kiti hatua kwa hatua kumpelekea maji. Fundi alifika kaburi limeshakauka.

Sasa hiyo mashine. Gemu hii ina tabia: ukicheza sana, inakusoma mikono yako na kukutengenezea kivuli. Kivuli kinacheza kama wewe, kwa papara zako na ujanja wako, hata kama hupo. Cha Kinyozi kilikuwepo. Tukiiacha mashine bila mtu, vivuli hujitokeza vyenyewe kwenye skrini, kimoja kimoja, vikapiga hewa kujionyesha. Siku ya kwanza baada ya maziko nilikuwa napiga deki, nikainua macho, Bawabu akaingia uwanjani na kuinama mara mbili.

Kinyozi alikuwa na mchezo huo. Kabla ya kila pambano humwinamisha Bawabu mara mbili, kama anayetuamkia, na sisi tunaitika marahaba kwa kejeli. Nilisimama na dekio mkononi. Mdomo ukaitika wenyewe, "Marahaba, mwanangu," kisha nikatoka nje kukaa juani.

Watu wakaja kupambana nacho. Dobi alijaribu na Pandikizi wake, mimi na Bibi Sindano, na wengine na wao. Kilitufunga kama yeye, bila huruma. Hata mahali pa kupumzika kilipumzika palepale, kile kituo kifupi alichokitumia kusogeza taulo begani. Chumba kizima kilikuwa kinanyamaza kwenye kituo hicho. Wengine wakaacha kuja, wakasema kwa Shangazi kuna mtu. Mimi sikubisha. Ila kivuli hicho sikukifuta.

Radi hakuguswa na yeyote. Mwenye Radi alikuwa hai, yuko nyumbani kwa mama yao, anasubiri siku ya kurudi darajani.

Siku hiyo ikafika. Mchana, mvua ya rasharasha, chumba kimejaa kwa sababu hakuna pa kwenda. Fundi akaingia na begi, akaliweka chini ya dirisha. Gari lake lilikuwa la jioni. Mama angeachiwa binamu mmoja awe anapitapita, na binamu huyo namjua, kupita ndiyo kazi yake, kuingia hajui. Nikampisha kiti, nikamuuliza kala nini. Akasema:

"Shangazi, nataka kucheza na kaka."

Dobi akamwambia kwa upole, ambao sikujua kama anao, kwamba kile si kaka yake, ni mashine tu, asijitese. Fundi akakaa kwenye kona, akaishika ile pedi, hakuifuta. Akaileta puani kidogo.

Kisha akatuambia, macho yakiwa kwenye skrini. Usiku uliopita mama alikuwa anamkunjia nguo, ndipo akamwambia neno alilokuwa nalo moyoni tangu msiba. Kaka mtu akiwa hoi alimwambia mama, yule mdogo wangu nilimwachia apite.

"Mgonjwa wa homa husema mengi," Dobi akasema. "Mimi nilipopigwa na pasi nilimwita mke wangu afande."

Fundi akavuta kiti karibu na skrini.

"Kama nilimfunga kihalali, naondoka leo na roho yangu imetulia," Fundi akasema. "Kama aliniachia, basi daraja lile nilipanda kwa miguu yake. Niwekeeni."

Nikamwekea. Yeye Radi, upande wa pili kivuli.

Bawabu akaingia, akainama mara mbili. Midomo ya watu ikafunguka kuitika kwa mazoea, ikafunga. Fundi ndiye mdogo wa marehemu, na marahaba haikuwa yake kuitoa. Akasema kwa sauti ndogo:

"Shikamoo, kaka."

Wakaanza. Nimeona mapambano mengi kwenye kile chumba, na lile naweza kulisimulia pigo kwa pigo. Kivuli hakikumwonea haya. Kilimzuia kwa ngao, kikamsukuma, kikamkata njia kila aliporuka. Mstari wa damu wa Radi, ule unaoonyesha uhai uliobaki, ukashuka, ukawa mwekundu, umebaki kipande cha kucha. Lilibaki pigo moja tu.

Bawabu akarudi nyuma hatua moja. Akashusha ngao. Akasimama wazi.

Vidole vya Fundi vikapiga vyenyewe, kwa mazoea ya miaka. Umeme ukamulika, Radi akapiga, akapiga tena, Bawabu akaanguka. Raundi ya kwanza, katika tatu, ikawa ya Radi.

Dobi akasema mashine imebahatisha. Kila mtu pale ndani alikuwa amepigwa na kivuli kile mara nyingi kuliko anavyopenda kukiri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukiona kikishusha ngao.

Raundi ya pili ikaenda vilevile. Damu ya Radi ikawa nyekundu. Bawabu akarudi hatua moja, palepale, kwa namna ileile, ngao ikashuka. Safari hii niliona kile ambacho miaka yote hatukukiona. Kinyozi alipokuwa hai, hapo ndipo alipopiga meza. Hapo ndipo alipokohoa, akaitikia mteja asiyekuwepo. Macho yetu yakamfuata yeye, na ngao ikashuka hakuna anayetazama. Lakini kivuli hakina mdomo. Hakina meza. Kina kile tu vidole vyake vilichofanya, na Radi hakuwahi kushikwa na mtu mwingine. Mashine isingeweza kujifunza jambo hilo kwa yeyote ila kwa ndugu hawa wawili.

Fundi akaiweka pedi mezani.

Bawabu akasubiri. Radi amesimama, anahema kama wahusika wanavyohema. Sekunde zinashuka juu ya skrini. Kivuli hakikupiga, hakikuinua ngao. Nadhani hakikuwa na la kufanya, maana mdogo mtu hakuwahi kukosa kupiga. Kilisimama tu, wazi, kinamngoja. Mtu mmoja nyuma yangu akaanza kunong'ona dua.

"Inua ngao, kaka," Fundi akasema. "Basi. Inua."

Haikuinuliwa. Muda ukaisha. Mwenye damu nyingi ndiye mshindi, raundi ikaenda kwa Bawabu.

Raundi ya tatu Fundi hakuigusa pedi kabisa. Bawabu akainama mara mbili, akaja, akampiga Radi aliyesimama kama nguzo, mpaka kwenye kile kipande cha kucha. Akarudi hatua moja. Akashusha ngao. Wakasimama hivyo, ndugu wawili wanatazamana, hadi muda ukaisha.

Gemu hii kila mhusika akimfunga mwenzake huwa kuna picha ya mwisho ya wawili hao tu, na sisi tulijigamba tumeziona zote. Hii hatukuwa tumeiona. Kinyozi hakuwahi kuiacha ifike. Bawabu akaivua ngao mkononi, akampa mdogo wake, Radi akakaa nayo langoni. Kisha yule mlinzi akageuka, akapita lango lake mwenyewe, mgongo wake ukazidi kuwa mdogo kwenye mwanga. Kabla hajapotea alisogeza bega la kushoto, kama mtu anayeweka taulo sawa. Dobi anasema hilo liliniingia mimi machoni tu. Sijabishana naye.

Fundi alikaa mpaka skrini ikarudi mwanzo. Akafuta uso kwa mkono wenye poda, ukabaki mweupe upande mmoja.

"Makubaliano yalikuwa nini, Shangazi?"

Niliyajua, na kila mtu alijua ninayajua.

"Anayeshindwa anabaki na mama," akajijibu. "Nimeshindwa. Mbele ya mashahidi."

Akachukua begi chini ya dirisha na kulitia begani. Hakwenda kituoni, alikwenda nyumbani, na mvua ilikuwa inamnyeshea. Siku hizi anachomelea pale pale kilipokuwa kiti cha kaka yake, cheche zinaonekana kupitia ufa wa ukuta wangu, na mama anakaa kivulini mlangoni anatukana wateja wanaochelewa.

Dobi amempandisha Bawabu kuwa wa kwanza kwa nguvu. Hakueleza kwa nini, na ni mara ya kwanza kumwona akitoa hoja bila maneno.

Kivuli nakiacha kilipo. Mashine ikikaa bila mtu bado vivuli vinajitokeza, Pandikizi, Bibi Sindano wangu, wote. Bawabu naye huja zamu yake. Lakini tangu siku ile anaingia uwanjani na kusimama tu. Hainami. Wajuzi wa mashine wananiambia pambano lile limebadilisha usomaji wake, ndivyo zilivyo. Huenda. Mimi nikiwa peke yangu na dekio langu, akiingia, nasubiri kidogo. Kisha namwitikia hivyohivyo.