Ng'ombe Waliokaguliwa Mara Mbili

Daktari wa Dar es Salaam hakumzungusha Luhaga. Kupigwa mionzi siku thelathini kungeunyausha uvimbe uliokuwa kichwani mwa kaka yake, Ndalahwa, lakini mionzi haibagui. Baada ya mwaka mmoja au miwili, huenda mambo mapya yakawa hayakai akilini. Ndani ya treni ya kurudi Mwanza, Ndalahwa alimwapisha mdogo wake.

"Wakijua, hawatanihesabu tena mtu mzima. Funga mdomo mpaka nimwoze binti yangu Hellen."

Luhaga, mwalimu wa sayansi, hakupenda kuficha ukweli. Aliapa hata hivyo.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1997, siku hiyo ikafika. Ndugu hao wawili walitoka Mkolani asubuhi kwenda kwa mzee Mayala, baba wa mchumba wa Hellen, kukagua ng'ombe wa mahari. Kwa Wasukuma wale, kazi hiyo ilikuwa ya baba wa binti. Akishakubali, neno lake halirudi nyuma.

Ndalahwa aliingia zizini kama enzi zake. Alipapasa viwele, akafunua midomo kutazama meno. Kati ya ng'ombe kumi na wawili alikataa mmoja tu.

"Huyu chuchu moja imeziba. Mnataka mjukuu wenu anywe maji?"

Wenyeji walicheka, wakambadilishia. Wakapeana mikono, wakaketi kula ugali na samaki aina ya sato.

Vyombo vilipoondolewa, Ndalahwa alinawa, akasimama. "Haya wakwe, mmetushibisha. Sasa tuonyesheni ng'ombe."

"Mkwe kwa utani!" alisema Mayala. "Au sato amekulevya?"

Ndalahwa hakucheka. Aliingia tena zizini, akapapasa, akafunua midomo, na safari hii akakataa watatu aliokuwa amewakubali.

Tabasamu likamtoka Mayala. "Asubuhi umewakubali, bwana. Kama umepata mkwe tajiri kwenye hivi viwanda vipya vya minofu ya samaki, sema. Tusitukanane."

"Asubuhi ipi?" Ndalahwa aliuliza.

Luhaga alipima: kiapo upande mmoja, ndoa ya Hellen upande wa pili. Akasema yote: uvimbe, mionzi, usahaulifu.

Mayala alivua kofia. "Pole, mkwe. Tutashika neno la asubuhi." Lakini tangu hapo, kila alipokuwa na la kusema, alimgeukia Luhaga.

Ndoa ilikuwa imepona. Wakati wa kurudi, Ndalahwa alitangulia mpaka kwenye miamba ya kwanza, akasimama.

"Luhaga, nimekukosea nini hata ukanivua nguo mbele ya wakwe?"

Luhaga alimweleza kwa utaratibu: kukagua, kula, kukagua tena. Kaka yake alisikiliza, akasema ameelewa. Wakateremka hadi bondeni. Huko Ndalahwa akasimama tena. Zizi lilikuwa limeshamtoka akilini, na chakula pia. Iliyobaki ni aibu.

"Nimekukosea nini, mdogo wangu?"

Luhaga akaanza kueleza tangu mwanzo.