Stendi Chini ya Dirisha la Roelf

Asubuhi aliyopanga kuondoka, Frouke Tammens aliegesha baiskeli yake kwenye kijia kinachopita kati ya nyumba yake na ya Roelf Boerema, akaingia kwa Roelf kunywa kahawa ya kuagana. Ilikuwa baiskeli ya safari ndefu, ya chuma, yenye mifuko miwili mbele, miwili nyuma na hema juu ya keria, na uzito wake ulikuwa wa kondoo aliyeshiba. Baiskeli ya namna hiyo haisimami kwa kile kiguu kidogo cha pembeni. Frouke alikuwa na stendi ya kukunja, fimbo nyembamba ya vipande vya bomba vilivyounganishwa kwa kamba ya mpira inayopita ndani, kama nguzo za hema. Ukiitikisa mara moja inajinyoosha. Juu ina panda ndogo ya kushika fremu, na breki unaifunga kwa ukanda wa mpira ili magurudumu yasitembee. Ilikatwa kwa kipimo cha baiskeli yake, na ikishakunjwa inaingia mfukoni.

Kijiji chetu kizima cha Eppersum kilizijua habari za fimbo hiyo. Frouke haegemezi baiskeli ukutani, kwa sababu ya rangi, wala kwenye mti, kwa sababu ya utomvu, na kuilaza chini kwake ni sawa na kumlaza mgeni sakafuni. Alikuwa akijiandaa kwenda Rasi ya Kaskazini, mwisho kabisa wa Norway, tangu enzi za mumewe Kees. Kwanza mama yake aliugua, halafu Kees akaugua, halafu kiwanda cha sukari kikakosa mtu wa kushika nafasi yake, halafu binti yake akajifungua mapacha. Kila mwaka alinunua kifaa kipya cha safari, na kila mwaka hakwenda. Kuchagua jembe si kulima, tulimwambia, na tulimwambia machoni, maana kwetu kumteta mtu akiwa hayupo ni utovu wa adabu.

Mwaka huu lakini haukuwa wa mzaha. Goti lake la kushoto lilikuwa lipasuliwe vuli, na daktari alishamweleza kwamba baada ya hapo ataendesha baiskeli mpaka dukani na kurudi, basi. Frouke aliitaka safari hii kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na aliona haya kulisema hilo kwa sauti. Mtu pekee aliyemwambia ni Roelf.

Roelf alikuwa amekwishapita themanini, mjane, na nyumba yake ilikuwa imeinama. Nyumba nyingi za Eppersum zimeinama. Gesi ilitolewa chini yetu zaidi ya nusu karne, ikawapikia viazi watu wa nchi nzima, na ardhi iliyoachwa tupu ikaanza kutetemeka na kushuka. Visima sasa vimefungwa, ila ardhi bado haijaambiwa. Nyumba ya Roelf iliinamia upande wa kijia. Miguu miwili ya meza ya jikoni alikuwa ameiwekea vigae ili kahawa isimwagike, na mlango wa choo haukufungika tangu mkewe Martje alipokuwa hai, kwa hiyo aliyekuwa humo aliimba, watu wajue. Tume ya Nyufa, inayoshughulikia nyumba zilizoharibiwa na gesi, iliahidi kuleta mihimili ya mbao ya kuizuia nyumba. Roelf aliisubiri mihimili hiyo kwa utulivu wa mtu anayesubiri basi la Jumapili, ambalo kwetu halipo.

Walikuwa wamefika kikombe cha pili na kipande cha kwanza cha keki ya anisi, ambacho kwa Roelf ndicho pia cha mwisho, ardhi ilipotetemeka. Vikombe viliteleza kuelekea kijiani, Frouke akakishika chake. Kisha vikateleza kurudi. Mlango wa choo ukajifunga wenyewe, polepole, mpaka komeo likalia. Roelf alitazama kahawa yake, ambayo sasa ililala upande kwa sababu ya vile vigae chini ya meza, akainuka kwenda kuona nje.

Baiskeli ilikuwa imelala kwenye nyasi bila mkwaruzo hata mmoja. Stendi haikuwepo chini yake. Ilikuwa imesogea mpaka ukutani, ikajinyoosha, ikaweka panda yake chini ya ubao wa dirisha, na nyumba nzima, pamoja na matofali, vigae na dari iliyojaa magazeti ya zamani, ilikuwa imetulia juu yake, wima kabisa.

"Jirani," Roelf alisema, "fimbo yako imehamia kwangu."

"Naiona."

"Mimi sikuialika."

"Sijasema umeialika. Lakini ni yangu."

Roelf alikubali kwamba ni yake. Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema, ingawa hakutarajia mgeni mwenyewe awe mwembamba hivyo. Frouke alishika fimbo akaivuta kidogo tu. Nyumba ikaguna, kigae kimoja kikateremka kutoka paani kikapasuka miguuni pake. Akaiacha. Aliirudisha baiskeli bandani, akatoa mikate mfukoni kwa sababu mikate inaota ukungu, vitu vingine akaviacha vilivyo.

Anje Wiekens, anayekaa upande wa pili wa barabara na kujua la kufanya katika mambo ya wenzake wote, alimshauri aende bila fimbo. Kuna miti mingi huko, alisema, itaisugua hiyo rangi kidogo, si mwisho wa dunia. Frouke alimweleza kuwa mwisho wa dunia ndiko hasa anakokwenda, na huko hakuna miti wala kuta. Akiilaza baiskeli na mizigo yake yote, goti halitamruhusu kuinyanyua, na mtu ambaye hawezi kunyanyua baiskeli yake amefika hata kama hajafika. Anje alitafakari neno hilo, akasema basi nunua nyingine.

Alinunua nyingine. Ililetwa na posta, naye akaenda nayo kwa Anje kumrudishia chombo cha keki, akaegesha kando ya ghala kwa ajili ya kujaribu. Alipotoka, baiskeli ilikuwa chini na stendi iko chini ya boriti ya ghala, ambalo lilikuwa limeinama tangu Pasaka ya mwaka juzi. Anje alifungua na kufunga mlango wa ghala mara kadhaa kwa raha zake. Kisha akamrudisha Frouke ndani, akampa kipande cha pili cha keki, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia hata mkwewe.

Kuanzia hapo Frouke alialikwa kila siku. Watu waliozoea kumsalimu kwa kidevu walimwita kwa kahawa, wakamwonyesha na mahali pazuri pa kuegesha, ambapo siku zote palikuwa ni upande wa ukuta wenye ufa. Mchungaji alimpigia simu kumjulia hali ya goti, na kabla ya kukata akataja mnara wa kanisa. Frouke alimpigia fundi wa zile stendi, mtu mmoja anayezitengeneza peke yake katika gereji, akaambiwa kwamba nyingine itakuwa tayari vuli. Alimshukuru. Vuli kulikuwa na goti.

Juni ikaingia. Ili afike Rasi kabla ya baridi ilimbidi aondoke wiki ile ile. Jioni alitoka kusimama kijiani akaitazama fimbo, nyembamba kama kidole gumba, na moyo wake ulijaa hasira, kisha akajikasirikia kwa kuikasirikia nyumba ya mzee. Roelf alimwona kutoka dirishani siku tatu mfululizo. Siku ya nne akafungua dirisha.

"Ichukue," alisema.

"Nyumba itaanguka."

"Imekuwa ikisema hivyo tangu Martje yupo. Nyumba hii ina maneno mengi."

"Na wewe uko ndani?"

Roelf alichuma jani kavu kwenye chungu cha maua. "Frouke," alisema, "mama yako alikuegemea, ukakaa. Kees akakuegemea, ukakaa. Hao walikuwa watu, sawa. Sasa unakaa kwa ajili ya matofali? Tofali halitakwambia hata asante."

"Si matofali, Roelf. Ni wewe."

"Mimi ndiyo kwanza nakwambia nenda. Kesho saa kumi na mbili njoo na baiskeli yako. Na usilete keki, sitakuwa na mkono wa kuishika."

Asubuhi alimkuta nje amevaa ovaroli ya buluu na viatu vya mbao. Roelf aliweka bega ukutani karibu na dirisha, akakanyaga ardhi mpaka visigino vikazama, akasema sasa. Frouke alivuta stendi. Nyumba ilishuka kiasi cha upana wa kidole, ikashusha pumzi, ikatulia begani kwa Roelf. Yeye alisema ni nyepesi kuliko alivyodhani, na kwamba kabati la nguo la Martje, siku walipohamia, lilimsumbua zaidi.

Fimbo ilikunjika bila ubishi. Frouke aliuliza kama haitamtoroka tena njiani akiegesha karibu na nyumba za watu. Roelf alisema Norway ni mwamba mtupu, huko hakuna kinachoinama ila watu wakifunga viatu.

"Utachoka," Frouke alisema.

"Nitachoka tu, nikiwa nimekaa au nimesimama. Na kalenda yangu haina kitu mpaka vuli. Nenda bwana. Ukizidi kunitazama hivyo nitacheka, na nikicheka paa litashuka."

Frouke alimgusa shavu, jambo ambalo kwetu hufanywa mazishini tu, akapanda baiskeli akaondoka bila kugeuka. Roelf aliweza kumwona mpaka penye kona ya mfereji, kwa sababu kwa bahati nzuri alikuwa amekaza bega lililomwacha akitazama upande huo.

Majira ya joto yalipita vizuri. Anje alimletea viazi na uji wa mtindi, akamlisha kwa kijiko huku akimkosoa anavyotafuna. Roelf alipohitaji kwenda chooni, Anje aliweka mgongo wake ukutani, ambao ni mpana wa kutosha, na Roelf alikawia humo kuliko ilivyohitajika kwa sababu ya raha ya kufunga mlango. Alilala akiwa amesimama, kofia usoni. Mvua iliponyesha tulimfunika kwa turubai. Wengine tulipita kumsalimu, tukagusa ukuta, tukasema kweli umenyooka.

Kadi za posta zilikuja, Anje akazishika mbele ya macho yake asome. Frouke hakuandika lolote juu ya nafsi yake. Aliandika juu ya baiskeli: imesimama kando ya ziwa, imesimama kwenye theluji iliyosahauliwa na jua, imesimama kati ya kulungu wa kaskazini ambao waliipita bila kuiangusha. Mtu wa kwetu akiandika hivyo ana furaha isiyo na kifani. Kadi ya mwisho ilitoka Rasi yenyewe, na Roelf aliomba aisome mara ya pili, kisha akaomba afutwe macho, akisema ni vumbi la matofali.

Mwishoni mwa Agosti Tume ya Nyufa ikaja. Walimtuma kijana mpole aitwaye Jurriaan, mwenye pimamaji na kompyuta ndogo, ambaye alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alipima kuta zote, sakafu na vizingiti, akafungua na kufunga mlango wa choo, akatoka nje akimpongeza Roelf kwa dhati. Katika kijiji chote, alisema, hajaona nyumba iliyosimama sawa kama hii, labda lile ghala la ng'ambo ya barabara.

Roelf aliuliza kutoka pale ukutani kuhusu mihimili.

Jurriaan alieleza, kwa huzuni iliyoonekana ya kweli, kwamba mihimili ni kwa nyumba zilizoinama. Hii haikuinama. Kwa hiyo imeondolewa kwenye mpango, na madai ya nyuma yamefungwa, maana kama kungekuwa na madhara yangeonekana.

"Kijana wangu," Anje alisema, "na huyu mzee hapa unafikiri anafanya nini? Anaota jua?"

Jurriaan alimtazama Roelf vizuri. Akamzunguka. Akaweka pimamaji juu ya bega lake, akainama kuangalia kiputo, akasubiri kitulie, na kilitulia katikati. Alisema egemeo ni imara na limewekwa kitaalamu. Ila aliomba lisisogezwe bila kibali cha Tume, kwani kuanzia leo linahesabika kuwa sehemu ya jengo, na atakayeliondoa ndiye atakayewajibika kwa lolote litakalotokea. Akamuuliza Roelf kama ana swali. Roelf aliuliza anaruhusiwa kukaa lini. Jurriaan alisema hilo ni la idara nyingine, akashukuru kwa kahawa, akavaa viatu vyake, akaenda.

Anje alimtazama Roelf. Roelf alitaka kubetua mabega, kama tufanyavyo sote hapa mtu wa Tume akishaondoka, akakumbuka kwamba yana kazi.