Gari Lisiloguswa

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kwenye taa za barabarani, mjini Morogoro, saa sita na dakika kumi mchana. Mimi ni mpimaji wa ardhi, sikisii saa. Taa yenyewe ndiyo iliyonitajia.

"Saa sita na dakika kumi," ilisema. "Nyekundu. Kila mtu na chake."

Kwanza niandike yaliyotokea kweli, jana mchana. Pale pale kwenye taa, muuza mkaa mwenye baiskeli ya magunia mawili aliegemeza kiganja juu ya gari langu. Nilishuka. Niliuondoa mkono wake, kisha nikaishika baiskeli kwenye usukani na kuisukuma kando.

"Samahani bosi, naegemea tu," alisema. "Nikiweka mguu chini na mzigo huu, siondoki tena."

"Gari si ukuta."

"Na baiskeli si mbuzi, bosi. Mbona unaikamata pembe?"

Watu walicheka. Nyumbani nilifuta alama ya kiganja, nikabandika karatasi kwenye kioo cha nyuma: TAFADHALI USIGUSE.

Gari hilo nililinunua mwezi wa tatu ili nimlete mama kutoka Ifakara, akatazamwe macho hospitalini. Sijamleta. Mwezi wa nne njia ilikuwa na matope, wa sita vumbi, wa nane nilikuwa ndiyo kwanza nimelipaka rangi upya. Kila nikimpigia simu kuahirisha, hunijibu, "Haya baba, wewe ndiye unayelijua gari lako."

Ndotoni mama yumo, kiti cha nyuma. Amevaa khanga ya safari, kikapu mapajani. Namtambua kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kilichopinda kuelekea nje tangu alipojikata na mundu kabla sijazaliwa.

"Gaspari, tunakwenda?"

"Taa ni nyekundu, mama."

Muuza mkaa yuko ubavuni mwangu, amekaa juu ya baiskeli iliyosimama yenyewe. Mikono ameifunga nyuma.

"Leo sigusi, bosi. Uone nilivyo mstaarabu."

Baiskeli inaanza kuinama kuelekea mlango wangu. Naona kabisa itakavyochubua rangi. Naruka nje na kuidaka kwa mikono miwili. Muuza mkaa anashuka, anajikung'uta vumbi, anaondoka zake.

"Umenishika," inasema baiskeli. "Aliyeshika cha mtu hakiachii mpaka mwenyewe arudi."

"Anarudi lini?"

"Akimaliza kuuza mkaa."

"Mkaa si ndio huu ulioubeba?"

"Ndio."

Najaribu kuachia. Vidole havifunguki.

Hapo gari linaanza kutembea. Sikuvuta breki ya mkono. Hilo ni kosa langu na ninalikubali. Lakini barabara ya pale kwenye taa ni tambarare, na hii ni mteremko. Tuko Ifakara, tunashukia Mto Kilombero, pale palipokuwa na kivuko kabla ya daraja. Kutoka gari lilipo hadi majini ni mita mia moja na ishirini. Mwendo ni mita moja kwa sekunde. Dakika mbili. Mtu mmoja akiweka mkono mmoja, linasimama.

Na watu wapo. Pande zote mbili wamejipanga waendesha baiskeli, mamia, wa samaki, wa mchele, wa kreti za soda. Wote mikono nyuma.

"Lizuieni!" napiga kelele.

Mmoja anainama, anaisoma karatasi polepole, herufi kwa herufi. "Ta-fa-dha-li u-si-gu-se."

"Ameandika na tafadhali," anasema mwanamke mwenye tenga la samaki. "Mtu wa adabu zake."

"Naifuta! Guseni!"

"Ya mdomo hiyo, bosi. Kesho utatushukia hapa."

"Mama yangu yumo ndani!"

"Tunamwona. Shikamoo mama!"

"Marahaba, wanangu," anajibu mama nyuma ya kioo, na gari linawapita.

Muuza mkaa yuko mwisho wa mstari, ukingoni mwa maji. Anatembea kinyumenyume mbele ya gari, kiganja kikiwa shubiri moja tu kutoka kwenye boneti. Maji yanamfika magotini.

"Niguse, bosi?"

"Gusa!"

"Kwa maandishi."

Kalamu ninayo, mfuko wa shati. Mikono yote miwili iko kwenye baiskeli. Najaribu kuitoa kalamu kwa meno. Baiskeli inaniambia nisiitingishe, mzigo utamwagika.

Maji yanapita magurudumu, yanafika kwenye milango. Mama anageuka kitini na kuweka kiganja kwenye kioo cha nyuma, kando ya karatasi yangu. Hanitazami mimi. Anazungumza na gari.

"Samahani," analiambia. "Naegemea tu."

Maji yanaifikia karatasi, na wino unaanza kuchuruzika.

"Kijani," inasema taa, sijui kutoka wapi.

Niliamka saa kumi na moja na dakika arobaini na mbili alfajiri. Nilivaa viatu nikatoka uani. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa. Magurudumu yalikuwa makavu. Nilichukua utepe nikapima kutoka ukutani hadi kwenye bampa: sentimita tisini, kama nilivyoliacha. Nilitaka kurudi ndani.

Kwenye kioo cha nyuma, kando ya karatasi, kulikuwa na alama ya kiganja. Nilileta kitambaa nikaifuta. Haikutoka. Niliongeza maji na sabuni, nikafuta tena, bila mafanikio. Nikafungua mlango, nikaingia kiti cha nyuma, nikaigusa kwa ncha ya kidole. Ilikuwa upande wa ndani, na ilikuwa na unyevu. Kiganja cha kushoto. Kidole kidogo kimepinda kuelekea nje.

Mama hajawahi kupanda gari hili.

Tangu hapo nampigia Ifakara. Huwa anaamka kabla ya jogoo, na simu huilaza kando ya mto wa kitanda. Hii ni mara ya kumi na moja. Simu yake imewashwa na inaita vizuri. Hakuna anayeigusa.