Barua ya Dokta kwa Vumbi la Mbao

Mwaka 2009 Dokta Aliko alitembea Chapwa nzima na koti jeupe mwilini, utadhani Tunduma yote ni maabara yake. Mimi, Gwantwa, nilikuwa fundi sanifu wake. Maana yake, nilibeba sanduku.

Tuliitwa na Sufiani, muuza dawa za miti. Unga wake wa "gome la mzambarau mwitu" ulitibu sukari, kuhara na, ukiongeza hela kidogo, nuksi. Alichokosa ni barua ya mtaalamu tu.

Dokta alikoroga unga kwenye maji ya moto, akachuja, akadondosha dawa yake ya kupimia. Maji yakawa meusi.

"Mnaona? Polifenoli tele! Hili ni gome halisi."

"Dokta," nikasema, "hiyo inaonyesha kuna tanini, polifenoli zilizomo kwenye magome na majani mengi. Haisemi zimetoka mti gani."

"Wewe osha vyupa."

Nikavuta kikombe cha chai ya rangi cha Sufiani, nikadondosha matone mawili ya dawa ileile. Chai ikawa nyeusi kama wino.

"Basi na hii iandikie barua."

Wateja wakaangua kicheko. Dokta akasaini hivyo hivyo, akagonga na mhuri.

Jumamosi nilipanda milimani Ikinga kwa shangazi yangu Jenista, ambaye hutibu watoto wanaoharisha kwa gome hilo. Nilimpa ule unga. Akaunusa mara moja tu.

"Mbao hii. Ninyi wasomi pua mnazo za nini?"

Akanibandulia gome, akanichumia na matunda. Maabarani nilidondoshea kila sampuli, pamoja na ya majani ya chai, kwenye karatasi maalumu, nikaisimamisha ndani ya kimiminika kinachopanda na kutenganisha kemikali. Gome na tunda vilitoa madoa mengi, kila moja mahali pake. Unga wa Sufiani ulitoa madoa yaleyale ya majani ya chai, basi. Vumbi la mbao lililotiwa rangi ya chai!

"Karatasi yako ilikuwa chafu," Dokta akaniambia bila kuitazama.

Nikaipeleka mwenyewe Chapwa. Nilimkuta Nesta, mama kutoka ng'ambo ya mpaka, akimnunulia mumewe mgonjwa wa sukari kopo la tatu. Nilimweleza doa kwa doa.

"Mume wangu ameacha vidonge vya hospitali kwa ajili ya hii," akasema.

"Mama, Dokta mzima amesaini!" Sufiani akalia, akionyesha barua ukutani.

Nesta alimwagia kopo lote mezani. Kisha akaibandua barua, akaitumia kusukumia lile vumbi mapajani mwa Sufiani, akatoka mbio kuwahi mpaka.