Spidi ya Kupandisha

Mimi muuzaji mwenye maneno mengi simwamini, na mjue mimi mwenyewe ni muuzaji. Nina duka la vitenge hapa Karatu, na nyuma ya duka nina vyumba vitatu vya wageni. Kwa hiyo kijana Alex alipokuja na pikipiki yake mwaka 2007, akitangaza kwamba kampuni yao inafunga intaneti ya dishi majumbani, kiti nilimpa ila soda nilimnyima.

Nilikuwa naitaka hiyo intaneti, sikatai. Wageni wangu walikuwa wanaandika email kutaka vyumba, nami nilichoka kupanga foleni kafe. Lakini aliyeruka kwenye kiti ni jirani yangu Elieshi, Mama Clara, ambaye alikuwa amekuja tu kuchagua kitenge.

"Kijana, umesema mtu anaweza kuonana na aliyeko Ulaya?"

"Uso kwa uso, mama yangu. Kama TV."

Elieshi akakiweka kitenge chini. Nilijua anachokiwaza. Mume wake, Mzee Aikaeli, alikuwa dereva wa watalii kule kreta ya Ngorongoro, mtu wa maneno kuliko redio. Binti yao wa pekee, Clara, aliacha chuo cha uuguzi akaenda kuolewa Denmark. Siku ya kuondoka waligombana vibaya, mzee akamwambia, "Ukipanda hiyo ndege, usitegemee kuisikia sauti yangu tena." Maneno ya hasira, mzazi gani hajawahi kuyasema? Mwaka uliofuata kiharusi kikamwangusha, na sauti ikaondoka kweli.

Kila Jumapili Clara alipiga simu. Mama yake alimwekea mzee simu sikioni, machozi yanamtiririka, mdomo unahangaika, lakini sauti haitoki. Clara kule anasikia kimya kitupu. Akielezwa kwamba baba ni mgonjwa, hawezi kuongea, anajibu, "Mama, acha kumtetea. Alishaniambia mwenyewe." Jumapili iliyopita alikuwa amesema hatapiga tena, kwa sababu kila simu inamrudisha kwenye ugomvi ule ule. Iliniuma hata mimi nisiye ndugu yao.

Basi tukaenda na Alex hadi kafe moja mjini ambayo kampuni yao ndiyo iliyoifungia, tukaone kwa macho. Elieshi alimpigia Clara simu, akambembeleza mpaka akakubali kukaa mbele ya kompyuta yake. Ghafla huyo hapo! Sura safi, hadi hereni zinaonekana. Elieshi alipiga kigelegele hadi wazungu waliokuwa pembeni wakageuka.

"Amenenepa! Mama Dauda, mwone mwanangu alivyonenepa!"

"Hiyo ni spidi ya 512, mama," Alex akasema, kifua mbele. "Ndicho kifurushi chetu kikubwa cha nyumbani. Chukua hicho, hutajuta."

Elieshi alikuwa tayari kumuuza ng'ombe wake wa maziwa jioni ile ile. Lakini mimi kitenge nakigeuza upande wa pili kabla ya kuuliza bei, na tabia hiyo siiachi dukani. Nikasogea kwenye maiki.

"Clara mwanangu, wewe je, unatuonaje?"

"Shikamoo, Mama Dauda. Siwaoni kabisa. Naona viboksi vya kijivu tu, vinachezacheza."

"Marahaba."

"Si neno," Elieshi akasema huku anajifuta machozi. "Mimi namwona."

Furaha ilikuwa imemsahaulisha kilichotuleta. Nilimshika mkono. "Mama Clara, wewe hukuja kumwona binti. Baba ndiye anayetakiwa kuonwa."

Mimi nikamgeukia Alex, naye akaanza kukuna kichwa. Ikabidi aseme. Kumbe spidi ziko mbili. Ipo ya kushusha, ya vitu vinavyokuja kwako, na ipo ya kupandisha, ya vitu unavyotuma. Ile 512 wanayoitangaza ni ya kushusha tu. Ya kupandisha ilikuwa 64, na sura ya mtu haipiti hapo.

"Mbona hukutuambia?"

"Mama, wateja huwa hawaulizi."

"Tumeuliza. Kipo kinachopandisha vizuri?"

"Kipo. Kinashusha 256 na kupandisha 128. Ila hicho ni cha maofisi, bei yake iko juu. Halafu sura ya dada haitakuja safi namna hii. Itakuwa na ukungu."

Elieshi aliitazama kompyuta. Clara alikuwa anacheka kitu upande wake, meno yote nje. Miaka mitatu hakuwa ameyaona meno hayo.

"Ukungu sana?"

"Kiasi, mama."

"Basi na awe na ukungu," akasema. "Funga hicho."

Sasa ikabaki bei, na bei ni kazi yangu. Nilimwambia Alex dishi ni moja, nyumba ni mbili, tunalipa nusu kwa nusu. Email zangu hazina uzito, nitazituma asubuhi, na Jumapili ni yao peke yao. Waya utapita juu ya michongoma. Akasema kampuni hairuhusu. Nikamwambia basi awashe pikipiki yake. Akatoka nje kupiga simu kwa bosi, akarudi ameruhusiwa. Tukaendelea. Gharama ya kufunga akaifuta, na tukakubaliana kwamba mwezi wa kwanza ni wa majaribio; wakishindwa kuonana, anakuja kuling'oa dishi lake bila kudai. Hapo nikamnunulia soda.

Jumapili iliyofuata, dishi limeshafungwa, Clara alitokea kwenye kompyuta ya mtumba niliyokuwa nimewatafutia Arusha. Ukungu ulikuwepo kweli. Mzee Aikaeli alikuwa amenyolewa na kuvalishwa shati jeupe. Elieshi akaielekeza kamera kwake.

Ila kuna jambo hatukulifikiria. Mzee alijiona. Pembeni ya kioo cha kompyuta kulikuwa na kijipicha chake mwenyewe, na tangu augue alikuwa hataki kujitazama kwenye kioo. Aliutazama ule upande wa uso ulioanguka, akageukia ukutani.

"Umeona, mama?" Sauti ya Clara ilifika safi kabisa. "Ananigeuzia uso. Sasa nimeona mwenyewe. Nakata."

Nilipandwa na hasira, sijui na nani. "Mzee Aikaeli!" nikafoka, ndani ya nyumba ya watu. "Mtoto anakata, na hatapiga tena! Anadhani umemkataa!"

Elieshi hakufoka. Alipiga magoti mbele ya kiti, akasema kitu kwa Kichagga, taratibu, maneno machache ambayo mimi Mrangi wa Kondoa sikuyaelewa. Mzee akageuka. Aliuleta uso wote mbele ya kamera, mdomo umeangukia kushoto, mate yanatoka, machozi yanatoka, akawa anajaribu kuongea na hakitoki kitu.

Kule Denmark Clara akaisogelea kamera yake.

"Mama," Clara akasema, "kumbe yuko hivi? Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia kila Jumapili, mwanangu."

Clara akaanza kulia, anaita baba, baba, baba, na kila alipoita, mzee aliitikia kwa kichwa.