Mwaloni wa Mbele ya Baraza

Jumamosi moja ya Oktoba, Earlene Dedeaux alirudisha pikapu yake kinyumenyume mpaka karibu na ngazi za baraza la shangazi yake, akazima injini, akamwita binamu yake Cleophus amsaidie kushusha ndoo yenye mche. Ulikuwa mwaloni wa pwani, ule usiopukutisha majani wakati wa baridi, na haukumfika mtu kiunoni. Huku Tarpley, kusini kabisa mwa Mississippi, Oktoba ni mwezi wa joto kama mingine, ila watu huzungumza zaidi kuhusu maboga. Mashati yalikuwa yamewaganda migongoni kabla hawajanyanyua kitu.

Shangazi Odell aliwatazama kutoka kwenye kiti chake cha kubembea. Alikuwa na miaka tisini na ushee, akili zote zipo, miguu ndiyo ilikuwa ikimkatalia. Agosti iliyopita alizimia pale pale kitini, glasi ya chai ya baridi mkononi, na mwanawe Lamar akaja mbio kutoka Atlanta. Lamar alisema maneno yake kwa upole lakini aliyasema: mama akizimia tena kwa jua, atafunga virago na kwenda kuishi naye ghorofani. Shangazi Odell hakuupenda mpango huo hata chembe. Kiyoyozi alikiita friji la watu, na chumbani kwake alikigeuza rafu ya kuwekea kofia za kanisani. Alitaka kukaa barazani kwake, pale alipokaa tangu alipoolewa, na alitaka kufia hapo.

"Atlanta kuna lifti," aliwaambia majirani. "Mtu atakufaje kwa heshima kwenye nyumba yenye lifti?"

Zamani baraza lile lilikuwa na kivuli. Mti mkubwa uliokuwa mbele yake ulianguka wakati wa kimbunga, pamoja na karibu miti yote ya upande ule wa Barabara ya Gaines. Ndiyo maana Earlene alikuwa na mwaloni kwenye pikapu.

Tangu kimbunga kile, miche ya kitalu cha Purvis Necaise ilikuwa imeanza kutanguliza vivuli. Ukiuweka mche mahali utakapokaa, ukasubiri kidogo jua liuzoee, hutupa kivuli cha mti utakaokuwa siku za ukubwa wake, na kivuli hicho hubaki. Wengine walisema ni chumvi iliyoingia ardhini na maji ya bahari, wengine wakasema ni mbolea. Purvis mwenyewe alisema hajui, na bei hakupandisha. Aliwaruhusu wateja kwenda na miche nyumbani kuijaribu, kama watu wanavyojaribu viatu, na usiokufaa ukaurudisha.

Utaratibu huo uliwasaidia wengi na uliwaumbua baadhi. Mina Toomer, mwenyekiti wa kamati ya bustani ya kanisa la Mlima Pisga, alitaka mpeasi wa maua, ule unaovaa nyeupe tupu wakati wa Pasaka. Walipouweka nyuma ya kanisa, kivuli kilitokea kimepasuka katikati kama suruali. Miti ile ndivyo ilivyo katika nchi yetu hii ya mvua na upepo. Hunenepa haraka, matawi yote yakatoka sehemu moja, kisha dhoruba ya kwanza yenye maana ikaipasua mpaka chini. Tena maua yake yananuka samaki. Mina aliutazama mpasuko ule, akaununua hivyo hivyo.

"Mpaka upasuke nitakuwa nimeshafaidi Pasaka kadhaa," alisema. "Na mimi mwenyewe sijui nitapasuka lini."

Cleophus naye alichukua mhadasi wenye maua mekundu ya kiangazi, akaujaribu kwenye uzio wa nyuma. Kivuli kilikuja kimefupishwa, mashina manene yenye vichwa vya mafundo kama ngumi, bila tawi la maana. Kila mtu akamtazama Cleophus. Kila Februari wanaume wa Tarpley hushikwa na homa ya kukata mihadasi. Mmoja akiwasha msumeno wa mashine, mtaa mzima huwasha, asionekane mtu mvivu, na hakuna anayekumbuka nani aliwafundisha wala kwa faida gani.

"Mimi nausafisha tu," alisema Cleophus.

"Umeusafisha hata haujaota," alisema Earlene.

Kwa hiyo Earlene alikuwa ameshajifunza. Hakutaka maua, hakutaka haraka. Mwaloni wa pwani unavumilia unyevunyevu na chumvi, dhoruba ikija unainama badala ya kuvunjika, na unaishi mpaka wajukuu wa vitukuu wauchoke. Kivuli cha mti kama huo kingefunika baraza, ngazi na nusu ya barabara. Yeye na Cleophus waliiweka ndoo katikati ya kijiuwanja cha mbele, wakarudi nyuma, wakasubiri.

Kivuli hakikuja. Si kile kikubwa tu, hata kile kidogo cha kawaida hakikuwepo. Ndoo ilikuwa na kivuli chake. Mche haukuwa nacho.

"Labda umelala," alisema Cleophus.

"Mti haulali saa saba mchana."

"Mimi nalala."

Earlene aliurudisha kitaluni akachukua magnolia. Magnolia nayo ilisimama juani bila kivuli, majani yake yakimetameta. Akachukua msaipresi wa kinamasini, mti usiojua kufa, ambao ukiupanda hata ndani ya maji unashukuru. Ikawa vile vile. Purvis Necaise alipopata habari alifunga kitalu mapema akaja mwenyewe na mwaloni ule wa kwanza kwenye toroli, kwa sababu ni mtu anayejali jina lake. Alimsabahi Shangazi Odell, akavua kofia, akaanza kuusukuma mche polepole kutoka barabarani kuelekea nyuma, akipita ubavuni mwa nyumba.

Alipita baraza. Kimya. Akapita dirisha la sebule. Kimya. Akalikaribia dirisha la jikoni, na hapo kivuli kikaanguka chote kwa mkupuo. Kilifunika jiko, kamba ya nguo, paa la jirani na pikapu ya Earlene iliyoegeshwa uani, kipana, kizito, na baridi yake ikawafika usoni. Cleophus alikaa chini bila kuambiwa. Mbwa wake alikuwa ameshakaa.

Ila upande wa barabarani kivuli kile kilikuwa kimekatwa. Mkato ulikuwa umenyooka kama wa mkate uliokatwa kwa kisu, na mbele yake jua lilimwagika juu ya baraza, ngazi na kijiuwanja kama kawaida. Purvis alichukua kamba akaifuatisha ule mkato pande zote mbili za nyumba, akaivuta ndani kupitia madirishani. Kamba ilikatiza sebule ya Shangazi Odell, kati ya sofa na televisheni.

"Kwa hiyo sofa linabaki, televisheni inakwenda," alisema Shangazi Odell, aliyekuwa amejikokota mpaka mlangoni. "Afadhali. Siku hizi haina kitu."

"Inakwenda wapi, Shangazi?" aliuliza Cleophus.

Purvis aliinua macho akatazama barabarani. Kwa miaka mingi Barabara ya Gaines ilisemwa itapanuliwa, na kwa miaka mingi ofisi ya mji ilisema hakuna mpango.

Majirani walikuja mmoja mmoja, wengine na viti vyao. Walilisukuma toroli nyumba hadi nyumba, na mbele ya kila baraza mwaloni ulisimama bila kivuli, na kila walipoupeleka nyuma ulikata kivuli chake kwenye mstari ule ule. Mstari ulipita nyumba zote za upande wao, ukachukua ngazi za kanisa na chumba cha kwaya. Mwishowe Cleophus aliuvusha ng'ambo ya barabara, penye uwanja wa gofu wa kilabu, akausimamisha ukingoni kabisa mwa lami. Kivuli kikaanguka mviringo mzima, hakikupungua hata jani.

"Kule kilabuni wana bahati ya udongo," alisema Mina Toomer.

"Udongo ni huu huu, bibie," alisema Purvis. "Mimi ndiye niliyeupima."

Earlene aliumia. Alikuwa ameamini kwamba kazi yake ni kuchagua mti sahihi, na kumbe miti yote ilikuwa sahihi. Alipiga simu ofisi ya mji, akaletewa Bwana Hatch wa idara ya barabara. Bwana Hatch alikuwa mtu mchangamfu mwenye miwani ya jua iliyokaa kisogoni. Gari lake aliliegesha nyuma kabisa, ubavuni mwa jiko, chini ya kivuli cha mwaloni, ambao toroli lilikuwa limeurudisha pale. Walikuwa wakikaanga kambare siku hiyo, basi akapewa sahani, akapewa saladi ya viazi na chai ya baridi yenye sukari ya kusimamisha kijiko, akakaa kwenye kiti kilichokuwa hatua moja ndani ya kivuli.

"Hakuna mpango wowote wa kupanua barabara," alisema kabla hajameza.

"Mimi sijakuuliza barabara," alisema Earlene. "Nimekuuliza mti gani unafaa mbele ya nyumba ya shangazi yangu."

Bwana Hatch alijiongezea saladi. Alisema maua ya msimu yanapendeza sana. Yale ya kupanda leo na kung'oa baadaye.

"Njoo ukae nami huku barazani, mwanangu," aliita Shangazi Odell. "Tuongee kama watu."

"Nashukuru, mama. Hapa pananitosha."

Aliomba kambare wa kufungiwa, akafungiwa, akaondoka vizuri. Wiki iliyofuata vigingi vyenye utepe wa rangi ya chungwa viliota uani kwa watu, kila kimoja kwenye mstari ule ule wa kivuli. Ofisi ya mji ilieleza kwamba ni vya mambo ya mabomba.

Mwaloni ulipandwa karibu na jiko, shimo pana, si la kina, Purvis akisimamia ili Cleophus asilifukie shina. Tangu hapo Shangazi Odell alishinda asubuhi barazani na mchana akahamia chini ya kivuli, akichambua maharage na kusengenya. Lamar alikuja Sikukuu ya Shukrani. Alikaa chini ya mwaloni usiomfika kiunoni, akala bata mzinga, akajifunika sweta kwa baridi ya kivuli, akaridhika. Alirudi Atlanta peke yake. Mama yake alimpungia mkono mpaka gari likapotea, kisha akamwita Earlene.

"Nenda kwa Purvis ukaniletee mwaloni mwingine. Wa kule mbele."

"Shangazi, kule mbele hautoi kivuli."

"Nimeona. Macho ninayo."

"Sasa wa nini?"

"Pale palikuwa na mti siku nilipoingia nyumba hii nikiwa bibi harusi," alisema Shangazi Odell. "Anayekuja kuchukua baraza langu sitaki aseme alikuta pako wazi. Akute mti. Aung'oe, nami nikiwa nimekaa hapa namtazama."

Earlene alijua mahali pa kubishana na mahali pa kuchukua ufunguo wa pikapu. Purvis alimweleza waziwazi kwamba hawezi kuuhakikishia mti ule zaidi ya miaka michache, akamchagulia ulionyooka kuliko yote. Cleophus alichimba. Mina Toomer alileta majani makavu ya misonobari ya kutandaza juu ya mizizi, akauliza kama Purvis ana mwingine. Kabla ya Krismasi kila nyumba ya upande ule ilikuwa na mwaloni mbele ya baraza, na kanisa lilikuwa na miwili, kila upande wa ngazi. Watu waliipanda kwa furaha, wakaimba nyimbo za Krismasi na kuzigeuza maneno yamhusu Bwana Hatch, nyingine haziimbiki mbele ya mchungaji.

Sasa ni Juni. Miti ile imeshika vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Imetoa majani mapya, mazito, ya kijani kibichi, na katika mmoja wa ile ya kanisani ndege amejenga. Mbwa wa Cleophus huenda kulala chini ya ule wa mbele wa Shangazi Odell kwa mazoea ya mbwa, huchomwa na jua, huamka, huhama. Bwana Hatch hupita mara kwa mara, hupunguza mwendo, hupunga mkono, nao humpungia. Vigingi vipo.

Kila asubuhi Earlene hupitia pale kabla jua halijawa kali. Hufungua bomba, huvuta mpira wa maji mpaka kwenye ule mwaloni wa mbele, halafu huinama akatazama chini yake, kwenye majani makavu ya misonobari.

"Kimekuja?" huuliza Shangazi Odell kutoka kitini.

"Bado, Shangazi."

"Basi mwagilia."