Krediti za Mjukuu wa Mwanahawa

Mwanahawa ni mke mwenzangu. Mume wetu, Mzee Lugembe, ametangulia, Mungu amrehemu, na sisi wawili tumebaki hapa Goweko kwenye uwanja uleule, mlango wake ukitazama mlango wangu, kila mmoja akijua mwenzake amepika nini. Watu husema tunapendana. Tunapendana, ndiyo. Ila sufuria yake ikinukia kuliko yangu, chakula changu hakishuki.

Mwaka huu kilichonikaba ni mjukuu wake, Julieth. Alikuwa amemaliza mwaka wa pili wa diploma ya ufugaji nyuki kwenye chuo kimoja cha Tabora mjini. Mama yake, anayeishi Dodoma, akavunjika nyonga, na hana wa kumshika mkono. Ikabidi Julieth ahamie chuo cha hukohuko. Nikajisemea moyoni, basi ataanza upya, na Mwanahawa atapunguza kutembea kifua mbele. Kumbe wapi! Siku hizi mtu anahama na krediti zake.

"Krediti ndiyo nini?" nikamuuliza Julieth.

"Ni masomo niliyokwisha kufaulu, bibi. Chuo kipya kikiyakubali, sirudii. Naingia moja kwa moja mwaka wa mwisho."

Mwanahawa alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua hata kichwa. "Umesikia, Mwamvita? Harudii."

Nilisikia vizuri mno, maana Mwanahawa mwenyewe ndivyo alivyoingia kwenye ndoa hii. Mimi nilipoolewa niliwekwa kwenye jiko la mama mkwe. Nikatwanga, nikachota maji, nikaamka kabla ya kuku, mpaka mama mkwe aliporidhika ndipo nikapewa mafiga yangu. Mwanahawa alikuja ameachika kwa mume wa Igalula. Mama mkwe akamtazama mikono, akasema, "Huyu ameshatwanga sana kwa watu. Mpeni mafiga yake." Siku ileile! Mwanamke alihamisha krediti kabla vyuo havijalijua neno lenyewe. Na mpaka leo hajaniomba radhi.

Masomo ya darasani Dodoma waliyakubali yote. Ikabaki fildi, yaani yale mafunzo ya kazi, na fildi Julieth aliifanya kwenye kikundi chetu cha akina mama wafuga nyuki. Wakataka kumsikia mwenyekiti wa kikundi kwa mdomo wake. Fildi ikikataliwa, binti anarudia mwaka mzima. Na mwenyekiti ni nani? Ni miye. Shule yangu iliishia la saba, lakini sauti ninayo.

Asubuhi Mwanahawa akavuka uwanja na bakuli la karanga za kuchemsha.

"Mwenzangu, simu ikija, mtoto mseme vizuri."

"Nimseme vibaya kwani si mtoto wetu?"

"Ndiyo maana nimekuja na karanga," akasema, akaenda zake kisimani.

Nikazila. Karanga zina kosa gani?

Ukweli, yule binti ni fundi. Alikuwa akipanda mti na bomba la moshi, anashuka na masega mazima, mdomo ukiimba. Hapo ndipo panaponiuma. Mjukuu wangu mimi, Masanja, akimwona nyuki mmoja anakimbia mpaka stesheni.

Nilikuwa napaka nta kwenye mzinga mpya simu ilipoita. Namba ngeni.

"Shikamoo bibi. Naitwa Ndahani, ofisi ya udahili, chuo cha Dodoma. Nauliza habari za mwanafunzi Julieth."

"Marahaba, baba. Julieth?" Nikavuta pumzi ya huzuni kidogo. "Mimi ni mtu mzima, siwezi kukudanganya."

"Sema tu, bibi."

"Yule mtoto ni mvivu. Tukienda porini kurina asali, yeye analala chini ya mti. Nyuki akimpitia sikioni anapiga mayowe utadhani amekatwa mguu. Na asali kidogo aliyorina, aliila yeye."

Nikasikia kalamu inakwaruza, na kwa kila mkwaruzo nikamwona Mwanahawa akishusha kifua. Ningekata simu hapo, ningekuwa nimeshinda. Lakini lile jina lilikuwa linaniwasha ulimi.

"Baba, umesema Ndahani? Wewe ni Mgogo?"

"Mgogo wa Mvumi, bibi."

Jamani! Mnyamwezi ampate Mgogo kwenye simu, kisha amwache apite hivihivi? Babu zetu walipita kwao na pembe za ndovu mabegani wakielekea pwani, na utani wetu umetoka na njia ileile. Tukikutana ni lazima tutukanane, na atakayekasirika aibu ni yake.

"Kumbe naongea na mlinda kisima! Si nyie mliomvua babu yangu kaniki yake kwa kibuyu kimoja cha maji?"

Kalamu ikakoma. Kikaja kicheko mpaka nikaiweka simu mbali na sikio.

"Mnyamwezi! Mabega yenu bado yana sugu?"

"Bado. Njoo nikubebe nikakuogeshe, maana kwenu maji ni ya kununua."

"Mtani, ungesema mapema! Mwalimu wake wa Tabora amemsifu sana, nikawa nashangaa maneno yako. Nimeshaandika mtoto wa watu mvivu! Ngoja nifute."

"Usifute! Ni mvivu kweli."

"Ndiyo, mtani. Mvivu kabisa."

"Nyuki anawaogopa!"

"Sana. Na asali alikula."

"Ndahani, nakuapia, Mungu mmoja!"

"Apa, mtani, apa." Alikuwa anahema kwa kucheka. "Ungemsifia ningeogopa. Umemponda namna hii mbele ya Mgogo, basi huyu binti ni lulu. Fildi imepita. Ila ndoo ya asali ya mtani naidai, aje nayo mwenyewe."

Akakata. Nikabaki na nta inakauka mkononi.

Habari zilipofika rasmi, Mwanahawa alipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. Kisha akaja kuketi kwenye mkeka wangu, karibu sana.

"Julieth ananiambia yule bwana alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Eti bibi mwenyekiti alimtukana mtoto vizuri ajabu."

"Utani ule. Si Mgogo yule?"

"Ulianza kumtukana kabla hujajua ni Mgogo, au baada?"

Nikaangalia mbuzi. "Mwanahawa, simu yenyewe mbovu. Maneno yalichanganyika."

"Mimi si Mgogo, Mwamvita," akasema. Akainuka, akakung'uta kanga yake, akarudi kwake.

Siku ya safari tukamsindikiza Julieth stesheni. Alikuwa na begi na ndoo ya mfuniko, imefungwa kwa nailoni.

"Ndoo ya mtani hiyo," Mwanahawa akasema.

"Imetoka mzinga gani?"

"Ule wa mninga, kule bondeni."

Ule wa mninga ni wangu. Asali yake nyeupe, nzito, hata mimi mwenyewe mwaka huu sijailamba.

"Mwanahawa!"

"Nini? Mtani si wako? Mimi ningemlipa kwa lipi?" Akanitazama usoni, macho makavu kabisa. "Au umekasirika?"

Nikainama, nikaikaza ile nailoni ya ndoo.

Julieth akapiga goti. "Bibi, asante kwa kunitukana."

"Nenda huko, mvivu wewe," nikamwambia, nikapangusa jicho kwa upindo wa kanga, sijui kwa ajili yake au kwa ajili ya asali.

Treni ikaondoka. Mwanahawa akatangulia njia nzima kifua mbele, kanga inapepea, akimsalimia kila mtu na kumwambia mjukuu anaingia mwaka wa mwisho. Jioni sufuria yake ikanukia kuliko yangu, akaniita tule wote. Nikaenda. Nikala. Hakikushuka.